Mchoro ni kazi, siyo soda

Jamani wadau, leo sina stori za UE wala za bumu kuchelewa. Nina dukuduku na nalitoa hapa hapa. Kama wengi mnavyojua, nasoma uhandisi mitambo hapa Mlimani na nachora mashine kwa kompyuta kwa watu wa nje: karakana za Gerezani, wajasiriamali, yeyote mwenye wazo lake. Sasa kuna maneno nayasikia kila wiki mpaka yamenichosha: "Mdogo wangu, si ni kubonyeza bonyeza tu? Nitakupa ya soda."

Ya soda! Huyo huyo akienda kununua chuma haulizi kama kuna bei ya soda. Fundi wa kuchomelea anamlipa, mwenye mkokoteni anamlipa. Aliyekaa kufikiria shafti iwe na unene gani ndiye anaambiwa anabonyeza.

Ngoja niwaambie kinachobonyezwa. Chukua beringi ya kawaida kabisa, namba 6205, imejaa maduka ya spea. Tundu lake ni milimita 25, nje milimita 52, upana 15. Mtu wa soda anataka niandike "shafti 25", basi. Lakini fundi wa kukereza akitoa 24.9, beringi itateleza juu ya shafti na kuila. Akitoa 25.1, ataishindilia kwa nyundo na kuiua kabla haijafanya kazi hata siku moja. Kwa mzigo wa kawaida mimi naandika 25 k6, maana yake shafti izidi 25 kwa maikroni 2 hadi 15, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani ni mnene mara kadhaa kuliko hapo. Kuandika hiyo k6 ni sekunde moja, sibishi. Kujua kwamba ni k6 na siyo kitu kingine, hapo ndipo ada ya wazazi wangu ilipokwenda.

Kuna bwana mmoja alitaka mashine ya kupukuchulia mahindi. Nikamtajia bei, akacheka, akachukua mchoro wa Kimarekani kwenye intaneti. Sasa Wamarekani, sura ya kitu kinapotazamwa kutoka kulia wanaichora kulia. Sisi huku tumezoea kuichora kushoto. Fundi akausoma kwa mazoea ya hapa, mdomo wa kutolea punje ukatokea upande wa ukuta. Bati lote likawa skrepa. Halafu, mtu mzima na akili zake, ananipigia simu nimrekebishie "kishkaji"!

Na ninyi wanachuo wenzangu msijifiche nyuma ya mlango, soko mnaliua ninyi. Mnachora kwa buku tano, tena kwa AutoCAD ya leseni ya mwanafunzi. Ile Autodesk wanaitoa bure kwa kusomea, siyo kwa biashara. Mimi kazi za kulipwa nachorea FreeCAD, haina masharti hayo. Inakwama kwama, inaudhi, lakini nalala usingizi. Halafu mnajiandika "Eng." mbele ya jina. Eng. gani na una sapu mbili? Sheria ya usajili wa wahandisi ipo tangu 1997 na Bodi ipo. Mimi simgongei mtu muhuri. Kitu cha kubeba watu au kunyanyua mzigo juu ya vichwa vya watu, aipitie mhandisi aliyesajiliwa, la sivyo siigusi.

Kuna atakayesema, wewe hata chuo hujamaliza, bei unadai ya nini? Sawa, ndiyo maana sidai ya mhandisi. Nadai ya usiku wangu, umeme, na laptopu ambayo hakuna aliyenichangia kuinunua.

Kwa hiyo wale mnaonitumia ujumbe: kipande kimoja ni elfu thelathini, mashine nzima tunakaa tunazungumza, nusu inatangulia. Marekebisho mawili bure, la tatu unalipia. Na vipimo vya kukadiria kwa picha ya simu sipokei, nakuja kupima mwenyewe na kalipa yangu. Jumamosi tu, siku nyingine nina vipindi.