Taa Nyekundu Ikipepesa, Mtambo Haujafa

Juma hili tunaahirisha mazungumzo yetu ya kuhifadhi nafaka, ili tumjibu mama mmoja, mke wa askari, ambaye swali lake halifai kungoja. Mumewe alinunua mnadani mtambo mkuukuu wa kuchezea michezo katika televisheni, wa Nintendo, lile sanduku la kijivu lenye mlango wa mbele, pamoja na kaseti nne. Kwa miezi kadhaa baba na wanawe walicheza pamoja kila jioni ambayo hakuwa zamu, na mchezo wao mmoja mrefu, ambao bado hawajaumaliza, umehifadhiwa ndani ya kaseti. Kisha baba akapelekwa kazini mbali, na mtambo nao ukagoma: ukiwashwa, taa nyekundu hupepesa, kioo cha televisheni hung'aa na kufifia, wala mchezo hautokei. Fundi mmoja wa mjini amesema mtambo umekufa, akajitolea kuununua kwa bei ya chuma chakavu pamoja na kaseti zake. Mama anauliza kama auze.

Asiuze. Tena asimruhusu mtu yeyote kuifungua ile kaseti yenye mchezo wa baba kabla hajayasoma maneno haya hadi mwisho.

Mtambo uliokufa hauwashi taa. Taa inayopepesa, mara moja hivi kila sekunde, ni dalili ya uhai. Wasomaji wetu wenye sare wataielewa habari hii upesi kuliko raia. Langoni mwa kambi husimama mlinzi, na mtu ajapo usiku huulizwa neno la siri. Akijibu sawasawa hupita, asipojibu hurudishwa. Ndani ya mtambo huu mna mlinzi wa namna hiyo, yaani chipu ndogo ambayo Nintendo waliiweka ili kuzuia kaseti zilizotengenezwa bila idhini yao. Ndani ya kila kaseti halali mna chipu mwenzake. Mtambo uwashwapo, chipu hizi mbili huanza kupeana tarakimu kwa mfuatano ambao zote mbili zinaujua, wala hazikomi mpaka mtambo uzimwe. Tarakimu zisipolingana, mlinzi hukata shauri kwamba aliye mlangoni ni mgeni. Huusimamisha ubongo wa mtambo na kuuanzisha upya, akauliza tena, na asiporidhika akaurudisha tena mwanzo. Huko ndiko kupepesa kwenyewe.

Basi kaseti na mtambo hugusana kwa meno 72 ya chuma, 36 upande mmoja na 36 upande wa pili, na mazungumzo ya mlinzi hupita katika meno manne tu. Moja kati ya hayo manne likiwa na uchafu au likilegea, mlinzi halisikii jibu, ingawa kaseti ni nzima na mtambo ni mzima. Fundi aliyeona taa ikipepesa akatangaza kifo amefanana na tabibu anayeandika cheti cha mazishi kwa mgonjwa mwenye mafua.

Huenda msomaji akauliza kwa nini meno ya mtambo huu yasumbue hivi. Asili yake ni biashara. Mtambo huu ulianza kuuzwa Japani tarehe 15 Julai 1983, ukiitwa Family Computer, na kaseti zake zilichomekwa wima kwa juu. Mwaka huohuo soko la michezo ya televisheni nchini Marekani lilianguka, na wenye maduka wakachoka hata kusikia habari za mitambo ya michezo. Kwa hiyo Nintendo walipoupeleka New York mwezi wa Oktoba 1985 waliubadili umbo ufanane na mashine ya video, ambayo wakati ule ilikuwa pambo la sebule. Kaseti iliingizwa kwa mlango wa mbele ikiwa imelala, kisha ikasukumwa chini. Hila hiyo ilifaulu, na kwa jumla mitambo karibu milioni 62 ya maumbo yote iliuzwa duniani. Lakini kiungio kile, kilichobuniwa ili kaseti iingie bila kutumia nguvu, kinategemea meno membamba yanayopinda kila kaseti inaposhushwa, na chuma kipindwacho maelfu ya mara huchoka. Mwaka 1993 Nintendo wenyewe walitoa umbo jipya la bei nafuu ambalo kaseti zake huchomekwa tena kwa juu, na humo hawakumweka mlinzi.

Sasa tuje kwenye desturi iliyoenea duniani kote, ya kuipuliza kaseti. Watoto wa Marekani waliipuliza, wa Ulaya waliipuliza, na wa kwetu wanaipuliza vilevile bila kufundishwa na mtu. Tunawaomba wazazi waikomeshe. Pumzi ya mwanadamu ina unyevu, na pamoja na unyevu hutoka matone ya mate. Hayo yakikaa juu ya meno ya kaseti huleta madoa na kutu. Mtoto atakuambia kwamba akipuliza mchezo hukubali. Hasemi uongo. Lakini jambo lililomsaidia ni kule kuitoa kaseti na kuirudisha, kwani meno yalisuguana na kujikwangua kidogo. Angeitoa na kuirudisha bila kupuliza angepata manufaa yaleyale pasipo madhara.

Kusafisha kwenyewe si kazi ngumu. Tafuta vijiti vya pamba vya masikio na alikoli ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, ambayo hupatikana kwa wauza vifaa vya elektroniki na katika baadhi ya maduka ya dawa. Ile ya asilimia 70 yaweza kutumika kwa shida, lakini ina maji mengi na yataka muda mrefu zaidi wa kukauka. Spiriti ya zambarau ya kuwashia majiko isikaribie hapa, kwa maana huacha utando. Msomaji makini ataona kwamba nyuma ya kaseti zenyewe Nintendo walichapisha onyo la kutotumia benzini, thina, alikoli na vimiminika vya aina hiyo. Onyo hilo tunaliheshimu kwa upande wa plastiki na karatasi ya jina, lakini mafundi wa mitambo hii siku hizi hutumia isopropili juu ya meno peke yake, nasi tunaona wanafanya vyema.

Si lazima kuifungua kaseti. Lowanisha kijiti, kikamue, kisha kipitishe juu ya meno kwa kufuata urefu wake, pande zote mbili. Pamba itatoka nyeusi. Badili kijiti, rudia, na usiache mpaka pamba itoke nyeupe. Kaseti ambayo haikusafishwa kwa miaka 30 yaweza kumaliza vijiti kumi. Weusi ukikataa kutoka, ufutio mweupe laini wa penseli husaidia, ukisugua kwa upole na kufuta mabaki yake vizuri. Msasa ni haramu kabisa, maana utando wa juu ya meno ni mwembamba na ukishakwanguliwa haurudi. Acha kaseti ikauke kwa dakika kumi kabla ya kuirudisha. Baada ya hapo iingize na kuitoa mara kadhaa, mtambo ukiwa umezimwa, ili kiungio nacho kijikwangue.

Taa ikiacha kupepesa lakini kioo kikaonyesha rangi moja tupu, usikate tamaa. Maana yake mlinzi ameridhika, ila meno mengine yaletayo mchezo wenyewe hayajagusana. Ni kazi ileile ya vijiti. Hali kadhalika picha iliyovurugika, yenye herufi na mistari isiyo mahali pake.

Iwapo kaseti zote ni safi na taa bado inapepesa, ugonjwa umo katika kiungio. Chomoa waya wa umeme kwanza. Mtambo hufunguliwa kwa bisibisi ya kawaida ya nyota: misumari sita chini ya sanduku, kisha kifuniko cha bati, kisha kitanda cha kaseti. Nyuma ya kitanda utakiona kiungio, kipande cheusi kirefu ambacho hakikulehemiwa popote. Huchomolewa tu kutoka ukingo wa ubao mkuu. Ukingo huo nao usafishwe, kwa kuwa aghalabu husahauliwa. Wako mafundi wanaokichemsha kiungio katika maji safi kwa dakika kadhaa, kisha wakakiacha kikauke kutwa nzima. Mke akimkuta mumewe anapika kipande cha mtambo katika sufuria ya ugali atadhani amerukwa na akili, lakini njia hii husaidia, kwani maji ya moto hutoa uchafu ambao kijiti hakiufikii. Wengine huinua kila jino kidogo kwa sindano. Kazi hiyo yataka mkono mtulivu na mwanga wa kutosha, na jino likikatika hakuna dawa. Viungio vipya vya kuiga vinauzwa, lakini vingi huibana kaseti mno hata kuitoa ni mieleka. Kwa maoni yetu kiungio cha asili kilichosafishwa vizuri ni bora.

Yupo pia fundi atakayependekeza kumnyamazisha mlinzi kwa kuutenga mguu wa nne wa chipu ya mtambo. Mtambo hautapepesa tena. Lakini meno machafu yatabaki machafu, nasi hatupendi dawa ya kuondoa maumivu mahali pa dawa ya jeraha.

Kuna hali moja tu ambayo njia hiyo ina haki yake. Mitambo ya mnadani hutoka nchi mbalimbali, na neno la siri la Marekani si la Ulaya. Hata huko Ulaya, la Uingereza na Italia si la Ujerumani. Kaseti ya nchi moja ikitiwa katika mtambo wa nchi nyingine, taa itapepesa hata meno yang'ae kama kioo. Kwa hiyo mnunuzi asome maandishi ya chini ya mtambo na alama ya jina la kaseti: yaliyoishia USA ni ya Marekani. Ikiwa kaseti moja tu inakataa na nyingine zinakubali, chunguza jambo hili kabla ya kulaumu kutu. Ile mitambo ya kuiga iliyouzwa pia katika miji yetu, yenye kaseti fupi za meno 60, haina mlinzi wala haina neno la siri. Huko ukiona mchezo hautokei, safisha meno tu.

Ama mtambo usiowasha taa kabisa, hapo shaka ni umeme, na hapa pana hatari. Transfoma ya Marekani hutaka volti 120, nasi majumbani mwetu tuna 240. Ikichomekwa ukutani moja kwa moja huungua, na moshi wake si wa mzaha katika nyumba yenye watoto. Soma kibandiko cha transfoma kabla ya kuichomeka. Tena usiazimishane transfoma kati ya mtambo wa kijivu na ule wa Kijapani wa kaseti za wima: wa kijivu hupewa volti 9 za umeme wa mkondo geu, na wa Kijapani huhitaji mkondo mnyofu, hivyo ukiupa transfoma ya mwenzake utauharibu.

Imebaki kaseti ya baba. Baadhi ya kaseti, kama ile ya The Legend of Zelda iliyotoka Marekani mwaka 1987, zina betri ndogo bapa ya volti 3 iliyolehemiwa ndani, na betri hiyo ndiyo inayoshika kumbukumbu ya mchezo wakati mtambo umezimwa. Betri ikitolewa, kumbukumbu hutoweka saa ileile. Fundi asiyejua, akiona betri ya zamani, hufanya haraka kuibadili kwa nia njema, na kazi ya miezi ikapotea. Maadamu mchezo wenu ulikuwa ukijihifadhi mpaka siku mtambo ulipogoma, betri bado ina uhai; iacheni. Isafisheni kaseti hiyo meno tu, bila kuifungua, na msiijaribie katika mtambo ambao bado unapepesa. Jaribuni kwanza kwa zile kaseti tatu nyingine. Siku moja betri itahitaji kubadilishwa, na fundi stadi anaweza kuunganisha kwanza betri nyingine ya volti 3 sambamba na ile ya zamani, ili kumbukumbu isikose umeme hata kidogo. Mwulizeni kama anaijua kazi hiyo, na akisitasita chukueni kaseti yenu mwondoke.

Mkishacheza, kabla ya kuuzima mtambo bonyezeni kitufe cha RESET mkishikilie, kisha mkiwa bado mmekishikilia bonyezeni POWER, ndipo mwachie.