Riyadh si masaa manne

Wasee wa Eastlands, kuna mstari mmoja maajenti wa kazi za Gulf wanapenda sana: "Riyadh ni hapo tu, masaa manne umefika." Na sisi tunaumeza hivyo hivyo, ju kwa ramani ni ukweli.

Haya, tuhesabu. JKIA hadi Riyadh ni kama kilomita 3,100, masaa manne na kitu hewani. Treni ya SGR kwenda Mombasa huchukua zaidi ya hapo. Ile ndege ya Kenya Airways ya moja kwa moja hadi New York, iliyoanza Oktoba 2018, inaenda karibu kilomita 11,800, kama masaa 15. Ukifika Riyadh hata saa ya simu hubadilishi, saa yao ni yetu. Kwa hizo namba, Riyadh ni jirani.

Lakini hiyo ni hesabu ya ndege. Ya mtu ni ingine kabisa. Mkataba wa kazi ya nyumba huko kwa kawaida ni miaka miwili. Kwenda ni masaa manne, kurudi ni miaka miwili, na hapo ni kama kila kitu kimeenda poa.

Kisipoenda poa? Hapo unakutana na kafala, mfumo unaofunga visa yako kwa mwajiri mmoja. Machi 2021 Saudia ilianza mageuzi, wafanyakazi wengi wa sekta binafsi wakaweza, kwa masharti, kubadilisha mwajiri na kutoka nchini bila ruhusa yake. Wafanyakazi wa nyumbani wakaachwa nje. Yaani wale wale dada zetu. Sasa niambie, mtu ambaye paspoti yake imefungiwa kabati ya bosi yuko umbali gani na Kayole? Hakuna kilomita ya kupima hiyo.

Najua mtaniambia, "Wewe unapiga domo, utamlipia nani rent?" Sawa. Sisemi mtu asiende. Kuna mathe wamesomesha watoto na kujenga na hiyo doh, na huku mtaani kazi hakuna, tusidanganyane. Ninachokataa ni kuuziwa safari kwa urefu wa ndege. Anayekuambia masaa ya kwenda peke yake anakuficha nusu ya safari.

So kabla usaini, uliza maswali ya kurudi. Tiketi ya kurudi analipa nani, na mkataba ukivunjika katikati je? Paspoti nitakaa nayo mimi? Simu nitakaa nayo? Mkataba uko kwa lugha ninayosoma, na kopi imebaki kwa mathe nyumbani? Huyu ajenti ameandikishwa na National Employment Authority? Akikujibu tena na "ni masaa manne tu," beba begi yako urudi.

JKIA iko Embakasi, kwetu. Kutoka Pipeline mpaka huko si mbali, mat ni mfupi. Lakini ukaribu wa mahali haupimwi na vile unaingia kwa urahisi. Unapimwa na vile unaweza kutoka siku umeamua kutoka.

Kama kuna dada yako anapanga kwenda, mtumie hii sai. Kabla ya kalamu, si baada.