Kifyatulio Chepesi Hakimfanyi Mtu Kuwa Mlenga Shabaha

Tangu nirudi kutoka Pennsylvania, swali ninaloulizwa sana bwenini si la baridi wala la chakula. Ni hili: bunduki ipi ya kuwindia kulungu inalenga kuliko zote, na kifyatulio chake ni chepesi kiasi gani? Wenzangu wametazama video nyingi. Wanataja namba kama watu wanaotaja magoli ya ligi: hii nusu inchi, ile ratili moja na nusu. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika. Na kwanza nasema kwamba swali lenyewe limekaa upande. Limekaa upande huku kwetu, na limekaa upande hata huko Marekani, ambako watu wazima wenye fedha zao huingia dukani wakalipia namba mbili ambazo hazitawafaa msituni, na moja kati ya hizo mbili inaweza kuwaua.

Mwalimu wangu mmoja alipoona kichwa cha insha hii aliuliza kama Kiswahili kinatosha kwa jambo hili. Kinatosha. Bunduki ina mtutu, kitako, darubini na komeo la kuingizia risasi. Kifyatulio ni kile kipande kinachovutwa kwa kidole cha shahada, na uzito wake, yaani nguvu inayotakiwa kukivuta mpaka mlio utoke, hupimwa kwa ratili, neno walilolitumia bibi zetu sokoni kabla ya kilo. Ratili moja haifiki nusu kilo. Tatizo liko kwa mnyama tu. Kulungu wetu ni mnyama mwingine kabisa, ana pembe za kudumu. Yule wa Marekani mwenye mkia mweupe huangusha pembe zake kila mwaka na kuotesha nyingine. Wafasiri wa Biblia walimwita ayala. Mimi nitasema kulungu kwa sababu ndivyo mjomba wangu anavyosema, na ndiye aliyekuwa na bunduki.

Mjomba ana uraia wa huko, ameishi miaka mingi katika mji mdogo ambao Jumamosi ya kufungua msimu, mara tu baada ya Sikukuu ya Shukrani, nusu ya wanaume na si wanawake wachache huingia msituni wakiwa wamevaa rangi ya chungwa inayong'aa. Yeye hakuwahi kuwinda. Mwaka nilipomtembelea aliamua kuanza, na mimi nikasoma kozi ya wawindaji pamoja naye, nikakata leseni ya mgeni. Kwetu, bunduki nilizoziona kwa karibu zilikuwa za walinzi wa benki. Sikwenda kule nikijua chochote, na labda ndiyo maana niliona upesi mambo ambayo waliozaliwa nayo hawayaoni.

Dukani, muuzaji alitoa bunduki ya kwanza akasema: hii kiwanda kimeihakikisha, dakika moja ya pembe. Dakika ya pembe ni sehemu ya 60 ya digrii. Kwa umbali wa mita 100 ni kama sentimita 2.9. Maana yake, risasi zote zitaingia ndani ya mduara wa upana huo. Tikka ya Finland huahidi hivyo, Weatherby huahidi hivyo kwa Vanguard, na wengine pia. Ni ahadi ya kweli. Lakini soma masharti: risasi tatu, za aina bora, zikipigwa na mtu ajuaye, bunduki ikiwa imelazwa imara. Tatu! Piga tano, mduara unapanuka. Piga kumi, unapanuka zaidi. Hiyo si kasoro ya bunduki, ni hesabu tu: kadiri unavyopiga zaidi, ndivyo ile moja iliyopotea kidogo inavyopata nafasi ya kutokea. Mtu anayekuonyesha karatasi yenye matundu matatu yaliyogusana anakuonyesha siku yake nzuri.

Tuseme ahadi ni kamili. Mnyama yule ana eneo la moyo na mapafu lenye upana wa karibu sentimita 20. Bunduki mbovu mara mbili kuliko ile iliyoahidiwa, yaani ya dakika mbili, kwa mita 200 itatawanya risasi zake ndani ya kama sentimita 12. Bado uko ndani ya mapafu, na nafasi imebaki. Na katika misitu ile ya Pennsylvania, miti yenyewe hukunyima kuona mita 200. Basi hiyo nusu inchi iliyoongezwa kwenye bei, mia mbili au mia tano za dola, inamlenga nani? Inalenga karatasi. Nasema wazi: bunduki ya kiwandani ya siku hizi ambayo haitoshi kwa kulungu ni adimu kuliko mwindaji anayeitosha bunduki yake.

Nilipima mwenyewe. Nikiwa nimeketi, kitako begani na mtutu juu ya mifuko ya mchanga, nilitoa matundu matatu ambayo ungeyafunika kwa kifuniko cha chupa ya soda, tena mimi mwanafunzi wa lugha ambaye sikuwa nimeshika bunduki kabla ya Agosti. Nikasimama. Bunduki ileile, risasi zilezile, umbali uleule. Matundu hayakutosha kwenye sinia. Nani alibadilika hapo?

Sasa nije kwenye kifyatulio, na hapa sitaki mtu aniweke upande wa wale wanaosema uzito haujalishi. Unajalisha sana. Bunduki ya kuwindia huwa na ratili saba hivi. Ikiwa kifyatulio nacho kinataka ratili sita au saba, kidole kinavuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa bunduki nzima, na kabla risasi haijatoka mtutu umeshasogea. Kwa miaka mingi makampuni ya Marekani yalitoa vifyatulio vizito namna hiyo kwa kuogopa kushtakiwa, na wawindaji wakavipachika jina la vifyatulio vya mawakili. Walikuwa na haki ya kulalamika. Mwaka 2002 kampuni ya Savage ikatoa kifyatulio chenye ulimi mwembamba katikati: mnunuzi anaweza kukipunguza uzito mwenyewe, lakini kama kitaachia bila ule ulimi kubonyezwa na kidole, ulimi huo huizuia bunduki isilie. Makampuni mengine yakafuata njia hiyo, hata kwa bunduki za bei ya chini. Huo ni ufundi ninaouheshimu, kwa sababu ulijibu maswali mawili kwa pamoja, la kulenga na la kubaki hai.

Kilichofuata ndicho ninachokipinga. Watu walipoonja wepesi, wakautaka zaidi. Wakauchanganya na usafi. Kifyatulio safi ni kile kisichokwaruza wala kusitasita; unakibana, hakisogei, kisha kinakatika mara moja kama njiti ya kiberiti. Kinaweza kuwa safi kwa ratili tatu na nusu. Na kinaweza kuwa chepesi kwa ratili moja na bado kikawa kama kuburuta kiti sakafuni. Ukikaa nyuma ya bunduki utaujua usafi kwa mvuto mmoja. Lakini usafi hauna namba, na kisicho na namba hakiandikwi kwenye tangazo, basi tunauziwa wepesi.

Ndani ya kifyatulio kuna vipande viwili vidogo vya chuma vilivyoshikana kwa upana unaoweza kuulinganisha na unene wa ukucha. Hicho ndicho kinachoizuia pini isigonge risasi. Ukitaka wepesi zaidi ya ule aliouruhusu mtengenezaji, una njia mbili: udhoofishe springi, au upunguze ule mshikano. Vyovyote vile unapunguza kinachokulinda bunduki ikidondoka, komeo likisukumwa kwa nguvu, au mafuta yakiganda kwa baridi.

Asubuhi ya kufungua msimu tulikuwa watatu kando ya msitu: mjomba, mimi, na jirani yake. Jirani yule alikuwa ameirekebisha bunduki yake mezani jikoni kwa bisibisi na springi aliyoagiza, na kwa wiki mbili alikuwa akitusimulia jinsi kidole kinavyofikiria tu nayo inalia. Kulikuwa na giza la alfajiri na baridi ya chini ya sifuri. Alijaza risasi, akasukuma komeo, na bunduki ikalia. Risasi iliingia kwenye udongo ulioganda, hatua moja kutoka kwenye buti langu la kushoto. Nilirushiwa vipande vya barafu mpaka kwenye kidevu. Alisema, sikugusa kitu. Alikuwa anasema kweli, nilimwona, kidole chake kilikuwa nje kabisa. Kilichoniokoa ni kwamba aliuelekeza mtutu chini, kama tulivyofundishwa kwenye kozi ambayo yeye alikuwa akiicheka.

Kuna watakaosema huo ni uzembe wa mtu mmoja na bisibisi yake. Basi watazame kilichotoka viwandani. Remington 700 ilianza kuuzwa 1962 ikiwa na kifyatulio cha mbunifu Mike Walker, ambacho asili yake ni bunduki ya kampuni hiyo ya 1948. Wawindaji walikipenda kwa sifa hizi hizi tunazoziimba: kilikatika safi, kilirekebishika. Malalamiko ya bunduki kulia bila kuguswa kifyatulio yaliendelea kwa miongo, watu wakajeruhiwa, wengine wakafa, kesi zikaenda mahakamani. Kampuni ilikanusha kwamba ubunifu una kasoro, lakini 2014 iliingia mapatano ya kuwabadilishia vifyatulio wenye mamilioni ya bunduki. Na mwaka huohuo ikalazimika kuziita kiwandani hata zile zenye kifyatulio kipya, X-Mark Pro, zilizotengenezwa tangu 2006, kwa sababu ya gundi iliyozidi ndani yake. Sisemi kosa lilikuwa wepesi. Nasema kwamba katika kifyatulio, gundi kidogo iliyozidi kiwandani yatosha kuwa kosa. Halafu mtu anaketi mezani jikoni, kikombe cha kahawa pembeni, anapunguza mshikano kwa kukisia.

Mtu atanijibu kwamba washindani wa shabaha hutumia vifyatulio vya chini ya ratili moja na hawafi. Ni kweli. Wanapiga wakiwa wamelala au wameketi, mikono mitupu, komeo liko wazi mpaka amri itolewe, na hakuna anayetembea. Mwindaji anapanda mlima na glavu nene, vidole havina hisia, moyo unamdunda kwa sababu kitu kimevunja tawi mbele yake. Huyo anahitaji kifyatulio kinachomwambia kwamba amekigusa, kabla hakijaachia. Glavu ndizo zinazonishawishi kuliko hoja zote. Muuzaji wetu hakuwa na glavu dukani. Mjomba alikuwa nazo mfukoni, akavaa, akavuta kifyatulio cha ratili moja na nusu kilichosifiwa, na kikaachia kabla hajajua kwamba kidole kimefika. Aliirudisha mezani polepole sana.

Kwa hiyo ukinibana nitaje, nitataja. Tafuta kifyatulio safi cha karibu ratili tatu, kilichokuja hivyo kutoka kiwandani au kinachorekebishika ndani ya mipaka ya kiwanda. Tikka T3x, Savage za kifyatulio kile, Ruger American: chagua inayokaa vizuri begani, nyingine ni ushabiki. Hakikisha haina risasi, hakikisha tena, omba ruhusa, kisha sukuma komeo kwa nguvu mara kadhaa na upige kitako kwa kiganja. Pini ikiachia, ondoka nayo mbali. Chukua risasi isiyokupiga bega mpaka ukaanza kufumba macho kabla ya mlio. .308 Winchester ipo tangu 1952 na kulungu hawajabadilika.

Mjomba alinunua ya bei ya chini kabisa kati ya tulizozishika. Tofauti ya fedha akainunulia risasi, masanduku ya ishirini ishirini, na kila Jumamosi ya vuli tulikwenda uwanjani, akipiga akiwa amesimama, amepiga goti, ameegemea mti, karibu kamwe si juu ya mifuko ya mchanga. Wanaume wa pale walimwonea huruma. Karatasi zake zilikuwa za aibu mpaka Oktoba. Novemba zilianza kutosha kwenye sahani. Siku ya nne ya msimu alipiga kulungu jike mmoja, hatua sitini na mbili, risasi moja, na sehemu ya nyama ile niliila mwenyewe.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Jirani amerudisha springi ya zamani, akakaa nayo miezi miwili. Sasa amesikia kuna nyingine mpya, nyepesi kuliko ile ya kwanza, na anamwomba mjomba wachangie gharama ya kuisafirisha.