NANI ALIPWE KWA KUTUNZA UDONGO?

Ndugu wafanya kazi wa Theta, Ruiru na Thika,

Tangu mwaka 2015 uko Mfuko wa Maji wa Upper Tana na Nairobi. Huwasaidia wakulima wa mito ya Thika na Chania kuchimba matuta, ili tope lisijaze bwawa la Ndakaini na watu wa Nairobi wapate maji. Sina ugomvi na matuta. Nauliza tu: mwenye jembe apata nini?

Mambo haya si mapya. Sheria ya 1942 iliwapa masetla ruzuku ya kuvunja ardhi mpya, tena ikawawekea malipo ya chini kwa kila eka, mavuno yakifa yasife. Na Murang'a, hapa jirani, mama zetu walichimba matuta mara mbili kila juma bila senti. Mwaka 1947 mkutano mkubwa ulikata shauri wanawake wasichimbe tena. Mwaka 1948 wanawake 2,500 hivi walikwenda kwa Bwana Disii wakicheza na kuimba, wakasema kazi za nyumbani zawatosha. Wengine walikamatwa. Setla naye akaenda zake benki!

Leo kibarua wa kahawa hana hati ya shamba. Aliyekodi robo eka hana pia. Msaada ukifuata hati utawapita wote wawili. Gangi ya reli hulipwa kwa kazi yake, wala haiulizwi kama njia ni mali yake. Basi kila fedha ya udongo, iwe ya Serikali au ya mfuko, itoe kwanza ujira wa mchimbaji, mkononi mwake, kila Jumamosi. Chama kipeleke neno hili kwa Kaunti ya Kiambu kabla ya bajeti.