Kant wa Königsberg na Sheikh Al-Amin wa Mvita

Vijana kadhaa wa hapa Mishomoroni wamenitaka niwaeleze huyu Immanuel Kant ni nani, kwani jina lake hutajwa sana katika masomo yao ya chuo kikuu nao hawaoni lawahusu nini. Swali ni zuri, na mtu wa kalamu hana budi kulijibu.

Kant alizaliwa mwaka 1724 Königsberg, mji wa Prussia ambao leo waitwa Kaliningrad na uko chini ya Urusi. Baba yake alikuwa fundi wa hatamu za farasi. Alisomesha mji huo huo na akafia humo mwaka 1804, bila ya kusafiri mbali maishani mwake. Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1781, kinachopima uwezo wa akili na mipaka yake, ni kigumu mno, nami sitawachosha nacho.

Lenye faida kwetu ni makala mafupi aliyoyatoa katika jarida moja la Berlin mwaka 1784, kujibu swali: huo mwangaza unaosifiwa ni nini? Jawabu yake ni kwamba watu wengi wamebaki watoto, si kwa kupungukiwa na akili, bali kwa kukosa ujasiri wa kuitumia pasi na kushikwa mkono. Utoto huo una raha yake. Kitabu hukufahamia, mchungaji hukushikia dhamiri, tabibu hukuchagulia chakula. Hata hivyo Kant hakuhubiri fujo. Mlipa kodi na alipe, asema, lakini asizuiwe kuandika hadharani kwamba kodi ile ni dhulma. Wakenya walioiona Juni ya 2024 hawahitaji tafsiri hapo.

Basi twende mpaka Prussia kutafuta maneno haya? Hapa hapa Mombasa alizaliwa mwaka 1891 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Babake alifariki naye angali mdogo, akalelewa na kusomeshwa na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akachota elimu kwa wanavyuoni wa Unguja, miongoni mwao Sayyid Ahmed bin Sumait. Aliyafuatia maandishi ya wanaislahi wa Misri, Muhammad Abduh na Rashid Rida. Mwaka 1930 alianzisha gazeti la Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah, lililotoka kwa Kiswahili na Kiarabu. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi kufa kwake 1947.

Adui yake mkubwa alikuwa kuiga kwa kufumba macho, nako alikuona kwa namna mbili. Kuna wale walioshika ada kwa kuwa babu zao walizishika, wakazivisha joho la dini. Na kuna wale waliomuiga Mzungu katika mavazi na ulevi, elimu yake wakamwachia mwenyewe. Wote aliwapiga kwa kalamu ile ile, kwa lugha ambayo mvuvi na mwenye duka waliifahamu. Hapo amzidi Kant, ambaye hata Wajerumani humlalamikia.

Msidhani lakini kuwa wawili hawa ni pacha. Kwa Kant, akili ndiyo hakimu hata wa mambo ya dini. Kwa Sheikh, wahyi ndio msingi, na akili ndiyo taa ya kuusomea. Mimi niliyelelewa chuoni kwa ubao na juzuu niko na Sheikh. Tena Kant ana doa lisilofutika: mwaka 1764 aliandika kwamba weusi wa mtu watosha kuwa ushahidi kuwa alilosema ni upuuzi. Huyo ndiye aliyewaambia wengine wapime mambo kwa akili zao! Kweli mwaka 1795 alizilaumu dola za Ulaya kwa kunyang'anya nchi za watu, lakini neno la kwanza halikukunjuka.

Sasa kwa nini niyazungumze haya leo? Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, yalianza kufukuliwa makaburi ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wamfikie Yesu. Maiti zilipita 400, na watoto walikuwamo. Mchungaji wa kukushikia dhamiri, aliyemtaja Kant, tulimwona kwa macho yetu. Wala Waislamu tusijitoe. Wako vijana wa pwani hii waliopotelea Somalia kwa hotuba za kusikiliza, na wazee wao hawana hata kaburi la kuzuru. Simu sasa humletea kijana sheikh asiyemjua na fatwa asiyoiuliza.

Makala ya Sahifa yalikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, na mwaka 2017 Kai Kresse na Hassan Mwakimako walikitoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kikachapishwa Leiden, Uholanzi. Nakala yangu vijana wale wameshaiazima, na wa tatu aja kila Ijumaa kuuliza kama imerudi.