HORUS, YESU NA UONGO TUNAOUPENDA



Kuna hadithi inatembea sana miongoni mwetu, hasa huku nje, na kila Desemba inapokaribia inafufuka upya. Inasema hivi: dini hizi mbili tulizoletewa ni wizi mtupu. Yesu hakuwapo, ni Horus wa Misri aliyebadilishwa jina. Horus alizaliwa na bikira tarehe 25 Desemba, akawa na wanafunzi kumi na wawili, akasulubiwa, akafufuka siku ya tatu. Na neno "amina" tunalolitamka misikitini na makanisani ni jina la mungu Amun. Kwa hiyo Mwafrika aamke, arudi kwa baba zake.

Vijana wetu wanaipenda hadithi hii na ninaelewa kwa nini. Mtu yuko ugenini, kazini anaangaliwa kama kiumbe kisicho na historia, halafu anaambiwa kwamba hao hao wanaomdharau wanasujudia mungu wa Kiafrika bila kujua. Nani asingefurahi? Lakini furaha si ushahidi. Ninachosema leo ni kwamba hadithi hiyo ni uongo karibu yote, kwamba uongo wenyewe hata si wa kwetu, na kwamba unatupora Misri ya kweli.

Tuanze na kuzaliwa. Wamisri wenyewe walisimulia kwamba Osiris aliuawa na nduguye Seth. Mkewe Isis akamtafuta, akamrudishia uhai wa kutosha kwa nguvu za uganga wake, akachukua mimba yake akiwa katika umbo la ndege juu ya maiti. Picha yake ipo mpaka leo katika hekalu la Seti wa Kwanza kule Abydos, na haiachi shaka yoyote kuhusu namna mimba ilivyoingia. Yule ni mjane aliyezaa na mumewe. Ubikira uko wapi hapo? Wengine hukimbilia ukuta wa hekalu la Luxor, wanasema pale kuna malaika anampasha habari bikira. Ukuta ule unahusu kuzaliwa kwa mfalme Amenhotep wa Tatu: mungu Amun anamjia malkia Mutemwiya kwa sura ya mumewe, na maandishi yanaeleza walivyolala pamoja. Ni siasa za ikulu, mfalme anajitangaza kuwa mwana wa mungu ili watu wanyamaze. Tunazijua siasa hizo.

Tarehe 25 Desemba je? Kwanza Injili haziitaji kabisa. Rekodi ya zamani inayojulikana ya siku hiyo ni kalenda ya Rumi ya mwaka 354. Pili, mwaka wa Wamisri ulikuwa na siku 365 kamili bila siku ya nyongeza, kwa hiyo kila miaka minne ulikuwa ukiteleza siku nzima. Sikukuu ya Kimisri isingeweza kukaa tarehe 25 Desemba hata kama ingefungwa kamba. Wanafunzi kumi na wawili hawamo katika hadithi za Horus. Msalaba haumo. Kilicho karibu zaidi na kifo chake ni hadithi ya mtoto Horus kuumwa na nge, mama yake akapiga yowe, mungu Thoth akashuka kumponya. Hadithi tamu sana, lakini Kalvari siyo.

Na hili la "amina" ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana sisi Waswahili tulipaswa kuwa wa kwanza kulikataa. Amina, amini, imani, amana, mwaminifu: tunayatamka kila siku! Ni mzizi mmoja wa lugha za Kisami, ulioko katika Kiebrania na Kiarabu, wenye maana ya kuthibitika na kutumainika. Jina la Amun kwa Kimisri maana yake ni aliyefichika. Maneno mawili yamefanana sauti tu. Kwa kipimo hicho, basi na "baba" wa Kichina ni Mswahili mwenzetu.

Sasa jiulizeni, nani aliyatunga mengi ya haya? Je, ni mzee wa Nubia? Ni mwanazuoni wa Timbuktu? Hapana. Aliyeyajaza vitabuni ni Mwingereza, mshairi aliyeitwa Gerald Massey, aliyefariki mwaka 1907, mwaka ule ule alipotoa kitabu chake kikubwa kuhusu Misri. Alikuwa akipigana na makanisa ya kwao, na Misri ilimfaa kama rungu. Karne moja baadaye, mwaka 2007, filamu ya Kimarekani iitwayo Zeitgeist ikayasambaza duniani kote. Yaani tunasema tunajikomboa kutoka kwa mzungu huku tumeshika kitini chake mkononi!

Mfananisheni na Cheikh Anta Diop wa Senegal. Mwaka 1974 aliingia katika mkutano wa UNESCO pale Cairo pamoja na Théophile Obenga, wakiwa na hoja za lugha, za picha na za maandishi ya kale. Wengi hawakukubaliana nao, lakini ripoti ya mkutano ilikiri kwamba si wote walikuja wamejiandaa kama wao. Huyo ndiye wa kuigwa. Kijana wetu anayesema Horus alisulubiwa, akiulizwa darasani ni maandishi gani yanayosema hivyo, anabaki kimya, na aibu yake inakuwa yetu sote.

Na ya kweli yapo! Mwaka 1923 yalichapishwa mafundisho ya Amenemope, afisa wa mashamba na nafaka wa Misri, kutoka gombo la mafunjo lililoko British Museum. Mwaka uliofuata mtaalamu wa Ujerumani, Adolf Erman, akayalinganisha na kitabu cha Mithali kuanzia sura ya 22 mstari wa 17. Usimnyang'anye maskini, usifanye urafiki na mtu wa hasira, usisogeze mpaka wa shamba, mali huota mabawa ikaruka. Kwa Amenemope mali inaruka kama bata bukini, kwa Mithali kama tai. Amenemope anataja mpaka wa mjane, Mithali wanataja yatima. (Wajane wa kwetu wanaosogezewa mipaka ya viwanja wasingehitaji mkalimani.) Wataalamu wengi wanakubali kwamba Waebrania waliyasoma mafundisho hayo. Haya basi, kila anayesoma Mithali kanisani, Dodoma au Minnesota, anasikia sauti ya karani wa mto Nile. Hiyo haitoshi?

Katika jumba hilo hilo, ambalo kuingia ni bure, liko jiwe la mfalme Shabaka. Huyu alitoka Kush, Sudan ya leo, akatawala Misri zaidi ya miaka 700 kabla ya Kristo. Anasema alikuta maandishi ya kale yameliwa na wadudu, akaamuru yachongwe kwenye jiwe yasipotee. Yanasema mungu Ptah aliumba kwa kuwaza moyoni na kutamka kwa ulimi. Uumbaji kwa neno, na aliyeuhifadhi ni mfalme mweusi asiye na ubishi! Sisemi kwamba Mwanzo au Injili ya Yohana walinakili hapo, hakuna aliyethibitisha. Nasema tu kwamba ni wangapi wetu tulioko London tumewahi kwenda kulitazama?

Mto Thames wenyewe una ushahidi. Southwark palifukuliwa gudulia la enzi za Warumi lililochorwa maneno yanayotaja hekalu la Isis mjini London. Mungu mama wa Nile alifika Uingereza kabla ya Waingereza wenyewe. Kwao kule Philae, hekalu lake lilidumu mpaka miaka ya 530, mfalme Justinian alipolifunga, na miongoni mwa waumini wake wa mwisho walikuwa watu wa Nubia. Kanisa la Wakopti lilipokua, lilibaki na majina ya miezi ya zamani: Tut ni Thoth, Hatur ni Hathor. Miezi 13 ya Waethiopia, ule wa mwisho ukiwa na siku tano au sita, ni mwaka ule ule wa mafarao uliorekebishwa.

Najua upande wa pili nao wananisubiri. Ni masheikh na wachungaji wanaosema Misri ni Farao na uchawi tu, hakuna la kuzungumza. Hao nao wasome vitabu vyao. Matendo ya Mitume sura ya 7 inasema Musa alielimishwa katika hekima yote ya Wamisri. Kurani inafundisha kwamba hakuna umma ambao haukupelekewa mwonyaji. Wamisri waliandika kwamba moyo wa marehemu hupimwa kwenye mizani dhidi ya unyoya wa Maat, na Mwislamu anaisoma mizani ya Siku ya Kiyama katika Suratul Qaria. Kufanana huko si lazima kuwe kunakili. Muumini ana maelezo yake, mwanahistoria ana yake, na wote wawili wanaweza kukaa meza moja. Asiyeweza kukaa hapo ni aliyekuja na tarehe 25 Desemba ya kubuni.

Mwenye ukuta, gombo au jeneza la Misri linalomtaja Horus msalabani, alilete hapa, atuambie liko mji gani na hekalu gani. Nauli ya kwenda kulitazama nitajilipia mwenyewe.