Basi la watalii lilipita Soni, plamsi zikabaki

MWISHONI mwa Januari nilipanda basi dogo aina ya Kosta kwa safari ya siku moja katika milima ya Usambara Magharibi. Tulikuwa abiria 26, wengi wafanyakazi wa ofisini kutoka Dar es Salaam, na usiku tulilala Korogwe. Kila mmoja alilipa Sh75,000 kwa ajili ya usafiri, mwongozaji na chakula cha mchana. Ukizidisha unapata Sh1,950,000.

Mimi ni mchumi wa kilimo, na ugonjwa wetu ni kwamba hata likizoni hatuachi kuhesabu. Nilitaka kujua ni kiasi gani cha fedha za siku ile kitafika mkononi mwa mkulima wa mlima ule.

Ukifika Mombo unaiacha barabara kuu ya Arusha, unaanza kupanda. Ni kilomita 33 hivi hadi Lushoto, kona juu ya kona, ukuta wa mawe upande mmoja na bonde upande wa pili. Joto la Mombo linabaki chini na watu wanaanza kutafuta masweta. Mwongozaji wetu, kijana mchangamfu, alitueleza kwamba Wajerumani waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao. Alijua historia vizuri, lakini kuhusu mazao tuliyokuwa tukiyapita dirishani hakusema neno.

Soni tulisimama dakika 15 ili kuyaona maporomoko. Akina mama walikuja na ndoo za plamsi, maana huo ndio msimu wake. Ndoo ya lita kumi ilikuwa Sh6,000, bei ambayo mtu wa Dar es Salaam hawezi kuilalamikia. Hata hivyo ziliuzwa ndoo mbili tu.

"Shikamoo mama," nilimsalimu mmoja wao, nikamuuliza kama hana kipimo kidogo. "Marahaba mwanangu," akajibu, "hapa tunauza kwa ndoo, wanunuzi wa mjini ndivyo wanavyotaka." Nyuma yangu abiria mwenzangu alikuwa akisema angenunua, ila ndoo nzima ataishika wapi hadi usiku? Dereva akapiga honi. Tukaondoka na fedha zetu, na mama akabaki na ndoo zake.

Baada ya Lushoto tulielekea Magamba. Njiani tulisimama mahali ambapo mlima mzima umekatwa matuta ya ngazi, yenye kabichi, karoti na viazi, na kila kamera ikatoka. Mzee mwenye shamba aliacha jembe akatuuliza tunapiga picha ya nini. Nilimwambia ni matuta yake. Akasema, "Matuta mnayapenda. Na kabichi je?"

Swali hilo lilinikaa kichwani siku nzima. Mandhari ile haikuumbwa hivyo. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi kule Mlalo na kuwalazimisha watu kuchimba matuta. Wakulima waliupinga hadi ukaachwa katika miaka ya 1950. Kuanzia mwaka 1981 mradi wa SECAP, uliosaidiwa na Wajerumani, ulihimiza kupanda miti na majani ya Guatemala kwenye mistari ya kukinga maji, na safari hii wengi waliona faida, kwa sababu majani yale yanalisha ng'ombe wa zizini. Kwa hiyo mgeni anapolipa ili aone mlima wa Usambara, sehemu kubwa ya anachokiona ni jasho la mkulima. Katika ile Sh1,950,000 hakuna senti iliyotengwa kwa ajili yake.

Mchana tulikula katika hoteli moja mjini. Juisi ilikuwa ya pakiti. Nilitoka nje kunyoosha miguu, na mita chache chini ya ukuta wa hoteli ulikuwepo mti wa plamsi, matunda yameiva kupita kiasi na kudondoka, nyuki wanayala. Sina ugomvi na mwenye hoteli. Pakiti inampa uhakika kwamba juisi ipo leo na kesho, na mkulima hajamwendea kumpa uhakika kama huo.

Alasiri tulifika Irente, ambako unasimama kwenye ukingo wa mwamba na kuiona nyika yote chini, pamoja na mashamba ya mkonge ya Mazinde. Karibu na hapo lipo shamba la Kanisa la Kilutheri linalojulikana kwa jibini, mkate na jamu. Abiria walewale waliosema Soni hawana pa kuweka matunda walitoka na chupa za jamu, wengine mbili mbili. Chupa ina kifuniko na bei yake, na inaingia kwenye mkoba.

Saa 12 jioni tulikuwa tena Mombo, na hapo ndipo hesabu yangu ilipokamilika. Vijana walizunguka basi wakiwa na plamsi katika vifuko vya wavu, Sh2,000 kimoja. Ndani ya dakika kumi nilihesabu vifuko 22 vilivyopita madirishani, yaani Sh44,000. Nilimuuliza mmoja wao ametoa wapi mzigo. Soni, akasema, na ndoo moja ya lita kumi humpa vifuko vinane. Maana yake plamsi iliyouzwa Sh6,000 mlimani inakuwa Sh16,000 barabarani. Toa nauli, vifuko na zilizopondeka, bado kijana anabaki na fungu nono kuliko mama aliyelea mti. Simwonei wivu, maana amefanya kazi ambayo mama hakuifanya.

Nionavyo mimi, jambo la kwanza kwa mama wa Soni ni vifuko, wala si mkopo. Awe navyo thelathini vimejazwa tayari, bei imeandikwa, kabla basi halijasimama. Wauzaji watano wakikubaliana kipimo kimoja, hakuna atakayeumizwa na mwenzake. Kwa mzee wa matuta, utalii wa utamaduni upo Lushoto tangu miaka ya 1990, na waongozaji wamezoea kuwapitisha wageni vijijini. Akubaliane nao ada ya kuingia shambani, awaonyeshe wageni jinsi tuta linavyochimbwa, kisha awauzie kabichi ndogo za kubeba.

Ila asing'oe viazi ili apande maua ya kupigiwa picha, wala asijenge nyumba ya wageni kwa fedha za mbegu. Lori la mboga huja siku zote, basi la watalii ni mwisho wa wiki, tena mvua zikiruhusu.

Tulipokuwa tunaondoka Mombo nilimuuliza dereva kama angekubali kumpigia simu mama wa Soni siku moja kabla ya kupandisha wageni, ili awaandalie vifuko. Alisema haoni ubaya, huwa anapanda huko karibu kila Jumamosi, lakini hakuna muuzaji aliyewahi kumpa namba.